Neno Lililoachwa Mlangoni

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni aliyeingia nyumbani kwetu mwezi wa Desemba mwaka 2021 hakuwa na miguu wala mdomo. Kilikuwa kipakatalishi kikuukuu, kilichopasuka pembeni, nilichokinunua mimi mwenyewe kwa shilingi 14,000 katika duka la mitumba jijini Nairobi, nikakipakata kwenye basi hadi Kibwezi, na kutoka hapo nikapanda bodaboda nikiwa nimekifunga kwa leso kama mtoto mchanga. Nilidhani nimempelekea mama yangu uponyaji. Miezi minane baadaye, mwenyeji nusura afe kwa aibu.

Nitakisimulia kisa hiki polepole, msomaji mpenzi, kwa sababu kina mambo mawili yaliyosukwa pamoja kama nyuzi za chondo. La kwanza ni jinsi tarakilishi inavyotii amri. La pili ni jinsi jina jema la mtu, lililojengwa kwa miaka mingi, linavyoweza kuyumba kwa neno moja ambalo yeye mwenyewe hakulitamka.

MAJI YALIYOJIFICHA

Mama anaishi upande wa Makueni, katika sehemu za chini zinazotelemkia mto Athi. Ng'ambo ya mto ni Kitui. Mito mingi ya pande hizi ni mito kwa jina tu: mvua ikinyesha hupita maji ya ghadhabu kwa siku chache, kisha hubaki mchanga mtupu ambao mbuzi huulalia. Ndiyo maana wenyeji wa Kitui na Makueni wamejenga mabwawa ya mchanga kwa mamia. Ukuta wa mawe na saruji hukingama mkondo, msingi wake ukiwa umekita kwenye mwamba. Mafuriko huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hujificha kati ya punje za mchanga, mahali ambapo jua haliwezi kuyanywa. Kiangazi kikija, watu huchimba kisima kando yake au hufunga pampu.

Kazi hiyo hufanywa kwa mwethya, ule utaratibu wa Wakamba wa kusaidiana kwa zamu, leo shambani kwako, kesho kwangu. Kikundi cha mama kina wanawake 28. Walibeba mawe wenyewe, wakapanga foleni wakipokezana karai za saruji, na ukuta ukasimama. Kisha wakafungua kioski. Asiye mwanachama hununua mtungi wa lita 20 kwa shilingi 5. Mwanachama anaweza kuchota kwa deni na kulipa mwisho wa mwezi. Fedha zinazopatikana hukopeshwa wanachama: huyu karo, yule mbegu za ndengu, mwingine dawa za mbuzi.

Mama amekuwa mweka hazina tangu mwaka 2011. Kwa miaka yote hiyo aliandika hesabu katika daftari la shule, kwa kalamu ya wino wa buluu, herufi zake zikiinama kama mtama uliopigwa na upepo. Kila Jumapili jioni alijumlisha, akahesabu fedha za sandukuni, akalinganisha. Hajawahi kupungukiwa.

Mimi ndiye niliyemwambia, "Mwaitu, weka kalamu chini. Mjukuu wako anasoma mambo haya. Atakuandikia programu." Hivyo ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba, na neno hilo hutoka kinywani kwa heshima. Lakini siku ile nililitamka kwa kiburi cha mtu wa mjini aliyekuja na dawa ya ugonjwa ambao hakuna aliyelalamika kuwa anaugua.

MTUMISHI MWENYE KAZI TANO

Mjukuu mwenyewe ni mwana wa kaka yangu mkubwa, mwanafunzi katika chuo kikuu kimoja huko Kitui. Alikuja kwa likizo ya Krismasi kupitia Mutomo, akavuka Athi kwa ile barabara ya lami inayoteremka hadi Kibwezi. Jioni ya pili, tulipokuwa tukila muthokoi jikoni chini ya taa ya sola, aliweka kipakatalishi juu ya gunia la ndengu akaanza kazi.

Nilitarajia kuona picha, rangi na vidude vya kubofya. Badala yake nikaona kiwambo cheusi chenye mstari mmoja mweupe, na alama ndogo ikipepesa jicho.

"Hii ndiyo programu?" nikamuuliza.

"Ndiyo, Shangazi. Mashine hii ni nzee na betri yake ni dhaifu. Picha zitaichosha. Hapa mtu anaandika neno, mashine inatenda, basi."

Kumbe huo ndio utaratibu wa kale. Mwaka 1969, Ken Thompson na Dennis Ritchie walipoanza kuunda mfumo wa Unix katika maabara ya Bell huko Marekani, mtu aliongea na tarakilishi kwa kuandika amri kwa mstari. Picha na vidude vya kubofya vilikuja kuenea baadaye. Na utaratibu huo haukufa: watengenezaji wa programu duniani kote wangali wanautumia kila siku. Mwaka 2005 Linus Torvalds aliunda Git, programu ya kutunza mabadiliko ya kazi ya watu wengi, nayo huendeshwa hivyo hivyo: jina la programu kwanza, kisha neno la kazi unayoitaka ifanywe.

Hata wewe, msomaji, umewahi kufanya jambo linalokaribiana na hilo. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, wengi wetu tulijifunza upesi kwamba vitufe vichache, vikibonyezwa kwa utaratibu wake, huhamisha fedha kutoka Nairobi hadi kijijini. Ukibonyeza *334# leo, simu hukuletea orodha, nawe huchagua namba. Nyuma ya kila namba pana kazi iliyoandikwa na mtu fulani, inayongoja kuitwa.

Mpwa wangu alinieleza mpango wake kwa lugha ya nyumbani. "Shangazi, mimi sijaandika programu moja ndefu. Nimeandika mtumishi. Kwa lugha yetu huyo huitwa klasi. Mtumishi ana mambo anayoyajua na kazi anazoziweza. Anayoyajua ni majina ya wanachama, madeni na fedha za sandukuni. Kazi anazoziweza huitwa methodi. Huyu wangu nimemwita Kisima, na ana kazi tano: kuuza, kulipa, kukopesha, kueleza salio na kutoa ripoti."

Fikra hiyo ya kufunga pamoja maarifa na kazi katika kitu kimoja si ngeni. Ilizaliwa nchini Norway, katika lugha ya Simula ya mwaka 1967, iliyobuniwa na Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, na ikasambaa kutoka lugha hadi lugha hadi ikafika juu ya gunia letu la ndengu.

BAWABU ASIYEULIZA

Swali langu lilikuwa hili: neno ninaloliandika kwenye mstari humfikiaje mtumishi?

Akanijibu kwamba zipo njia mbili. Ya kwanza ni kumwandikia mtumishi bawabu. Bawabu hufundishwa neno kwa neno: ukisikia "uza", mwite anayeuza, ukisikia "lipa", mwite anayepokea malipo, ukisikia neno jingine lolote, mfukuze mgeni. Njia hiyo ni ya kuchosha, kwa maana kila ukimwongezea mtumishi kazi mpya, sharti urudi mlangoni kumfundisha bawabu neno jipya. Ukisahau, kazi ipo ndani lakini hakuna awezaye kuiita.

Njia ya pili ndiyo iliyomfurahisha kijana. Bawabu hafundishwi neno lolote. Akisikia neno, hugeuka ndani na kutazama kama mtumishi ana kazi yenye jina lilo hilo. Ikiwa ipo, humpa. Maneno yanayofuata, yale yanayotanguliwa na vistari viwili, huyapeleka kila moja kwenye nafasi yake kwa jina. Kwa mfano ukiandika:

kisima uza --jina 17 --mitungi 3

bawabu hutafuta kazi iitwayo "uza", akaikuta inataka kujua mambo mawili, jina na mitungi, akaweka 17 hapa na 3 pale. Ukiongeza kazi mpya kwa mtumishi, papo hapo inakuwa amri, bila kugusa mlango. Hata orodha ya msaada hujiandika yenyewe, kwa sababu bawabu husoma majina ya kazi zote akayaonyesha.

Zipo zana mashuhuri zinazofanya hivyo. Google ilitoa iitwayo Python Fire mwaka 2017, na watumiaji wa lugha ya Ruby wana Thor. Mpwa wangu hakuwa na intaneti ya kutosha kijijini kuzipakua, na nadhani pia alitaka kujionyesha kwamba anaweza. Aliandika bawabu wake mwenyewe kwa mistari isiyozidi kumi na miwili. Niliihesabu.

Mashaka ya kwanza yalikuja siku ya tatu, nayo yalituchekesha. Jirani alichota mitungi mitatu asubuhi na miwili jioni, mashine ikamdai mitungi 32. Kumbe kila kinachoandikwa kwenye mstari huingia kama maandishi, hata kama ni tarakimu, na maandishi hayajumlishwi: hubandikwa tu, 3 kando ya 2. Kijana akarekebisha, akamwamuru bawabu ageuze kila tarakimu kuwa namba halisi. Kesho yake namba za simu za wanachama wote zikawa zimepoteza sifuri ya mbele, kwa kuwa namba halisi haina haja ya sifuri mwanzoni. Mama alicheka hadi akafuta machozi. "Mashine yako," alimwambia mjukuu wake, "ni kama mtoto mtiifu kupita kiasi. Ukimtuma moto, atakuletea moto kiganjani."

Tungelisikiliza neno hilo.

Mwezi wa Januari kijana alirudi chuoni, mimi nikarudi Nairobi. Msichana mmoja wa jirani, aliyekuwa hodari shuleni, alifunzwa kuandika amri ili amsaidie mama ambaye macho yake hayaoni vyema herufi ndogo. Daftari likawekwa juu ya kabati. Kila Jumapili jioni msichana aliandika "salio", mama akasikiliza jumla, akahesabu fedha za sandukuni, akatikisa kichwa kukubali.

SAFISHA

Mvua za mwisho wa mwaka 2020 ndizo zilizoanza kutunyima. Hadi kufikia Agosti mwaka 2022, misimu minne mfululizo ilikuwa imetupita. Foleni kwenye kioski ilianza kabla ya alfajiri, punda kwa punda, kutoka vijiji ambavyo visima vyake vilikuwa vimekauka. Shule zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya uchaguzi mkuu wa tarehe 9, na msichana alikuwa akishinda kioskini kutwa nzima.

Siku moja, jua likiwa utosini na watu wakimpigia kelele, kiwambo kilijaa maandishi hata asiweze kuona alipofika. Akaandika "msaada". Bawabu, kama alivyofundishwa, akasoma kazi zote za mtumishi: uza, lipa, kopesha, salio, ripoti. Na ya sita: safisha.

Msichana akawaza jambo ambalo mimi na wewe tungewaza. Kiwambo kimejaa, kinahitaji kusafishwa. Akaandika "safisha", akabonyeza.

Kazi hiyo haikuwa ya kusafisha kiwambo. Mpwa wangu aliiandika mwezi wa Desemba kwa manufaa yake mwenyewe, alipokuwa akijaribu programu kwa majina ya uongo na madeni ya uongo. Kila alipomaliza jaribio aliiita ili ifute faili yote na kuanza upya. Hakukusudia mtu mwingine aijue. Hakuiandika kwenye karatasi aliyombandikia msichana ukutani. Lakini ilikuwa kazi ya mtumishi, na bawabu wake hakufundishwa kuuliza kama hii ni ya wageni au ni ya ndani. Madeni ya wanawake 28, mikopo na mauzo ya miezi saba yalitoweka katika muda mfupi kuliko wa kupiga chafya. Na nakala ya faili? Hapakuwa na nakala.

Siku nne msichana hakusema neno. Siku ya tano alikuja kwa mama usiku, akapiga magoti jikoni, akalia.

Mama alinipigia simu. Hakunilaumu. Aliuliza swali moja tu, ambalo nimelibeba hadi leo: "Mwanangu, ni nani aliyeliacha neno hilo mlangoni?"

CHINI YA MWEMBE

Mkutano ulifanyika Jumapili iliyofuata, chini ya mwembe ulio karibu na ukuta wa bwawa. Nilisafiri usiku ili niwepo. Mpwa wangu alikuja kutoka Kitui, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

Sitaki kukuficha, msomaji. Minong'ono ilikuwa imekwisha kuanza. Mweka hazina ni yeye. Aliyeandika programu ni mjukuu wake. Mashine imenunuliwa na binti yake. Na sasa hesabu zimepotea, katika mwaka wa njaa. Mwanamke mmoja aliyekuwa akinibeba mgongoni nilipokuwa mtoto alinisalimu bila kunitazama usoni. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sikuwa nimemnunulia mama mashine, bali nilikuwa nimeuza ushahidi wake. Daftari lile lenye herufi zilizoinama lilikuwa likimtetea kila siku kwa miaka, kimya kimya, nami nikaliweka juu ya kabati.

Mama alisimama. Hakumtaja msichana. Alisema tu kwamba kulikuwa na neno baya lililoachwa wazi ndani ya mashine, na neno hilo likafuta hesabu. Kisha akaeleza alichokuwa nacho. Alikumbuka jumla ya mikopo aliyosomewa Jumapili ya mwisho: shilingi 61,500, kwa wanachama 17. Ujumbe wa M-Pesa uliobaki katika simu yake ulionyesha mikopo 11 aliyoituma kwa simu, ambayo baada ya kutoa yaliyolipwa ilibaki shilingi 43,000. Hiyo ilikuwa na ushahidi. Mikopo sita, ya jumla ya shilingi 18,500, ilitolewa taslimu mkononi. Hiyo haikuwa na ushahidi wowote duniani isipokuwa dhamiri za waliochukua.

"Tulipojenga ukuta huu," akasema, "hakuna aliyeandika nani alibeba jiwe gani. Leo naomba kila mtu abebe lake."

Akaketi.

Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu. Nilisikia punda akitikisa masikio. Kisha mwanamke mmoja, mjane, maskini kuliko wengi waliokuwapo, akasimama akasema, "Mimi nina 4,000." Wa pili akasimama. Wa tatu. Mpwa wangu alikuwa akiandika kwa kalamu, katika daftari lile lile la buluu, mkono ukimtetemeka. Watano walisimama, na jumla yao ikafika shilingi 16,000. Wa sita hakusimama.

Zilibaki shilingi 2,500. Nilikuwa nazo mkobani. Nikainama nikamnong'oneza mama kwamba nitazilipa ili mambo yaishe. Akanishika kifundo cha mkono, kwa nguvu ambazo sikujua kuwa angali nazo. "Ukilipa," akasema, "watasema nilizila mimi."

Akasimama tena, akamwambia mjukuu wake kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Andika. Deni la shilingi 2,500. Mwenyewe anajijua."

SI KILA CHUMBA NI SEBULE

Usiku ule kijana hakulala. Nilidhani atakivunja kipakatalishi, na kusema kweli nilitamani akivunje. Lakini bibi yake alimwekea chai mbele yake akamwambia aliyeharibu ndiye ajuaye palipoharibika.

Alibadilisha mambo manne, na nayaeleza hapa kwa sababu yanawafaa vijana wengi wanaojifunza kazi hii, iwe katika chuo, iwe katika vyumba vya kukodi mjini, iwe siku moja kule Konza, kwenye ardhi ya Malili, ambako serikali ilizindua ujenzi wa jiji la teknolojia mwezi wa Januari mwaka 2013.

Kwanza, bawabu alipewa orodha. Hatazami tena ndani ya mtumishi akaita chochote anachokikuta. Kazi isiyotajwa kwenye orodha haiitiki, hata ukiliandika jina lake sawasawa. Katika lugha ya Python waandishi wana desturi ya kuanza jina la kazi ya ndani kwa kistari cha chini, kama ishara kwamba hii si ya wageni. Ni desturi njema. Lakini kijana alinionyesha kwamba bawabu mjinga bado anaweza kuita kazi hiyo akitajiwa jina lake kamili. Kuficha si kufunga. Si kila chumba ni sebule, nami naongeza kwamba pazia si mlango.

Pili, kila amri ilipewa maelezo ya mstari mmoja, kwa Kiswahili chepesi, yanayoonekana mtu anapoandika "msaada". Kumbe ile zana ya Thor niliyoitaja huwaonya waandishi wake juu ya jambo hilo: kazi iliyo wazi ikikosa maelezo, zana hulalamika. Laiti neno "safisha" lingelazimishwa kueleza kwamba linafuta hesabu zote, msichana yule asingelibonyeza. Au mwandishi wake angeona haya kuliandika.

Tatu, hakuna tena kinachofutwa. Kila tukio huongezwa kama mstari mpya chini ya mengine, na kosa husahihishwa kwa mstari mwingine, si kwa kufuta ule wa kwanza. Mama alipoelezwa, alishangaa kwamba jambo hilo linahitaji kusomewa chuo kikuu. "Mimi nilikuwa nikifanyaje katika daftari?" akauliza. Naam, wino haufutiki.

Nne, kila Jumapili hesabu hunakiliwa mara mbili: moja kwenye kijiti cha kumbukumbu kinachowekwa nyumbani kwa mwenyekiti, na moja kwa kalamu, katika daftari. Mama alilirudisha daftari mezani siku ile ile, wala hakuniomba ruhusa.

Kulikuwa na jambo la tano, ambalo halimo katika vitabu vya chuo. Programu ilikataa kuandika deni lisilo na jina. Kazi ya "kopesha" ilidai "--jina" na bila hilo haikusonga. Kijana akataka kuandika deni lile kwa jina la bibi yake, kwa muda tu, ili hesabu zikubaliane. Mama akakataa katakata. Ikabidi programu ifunzwe kwamba jina ni hiari. Usiponena jina, mstari huandikwa hivi: mwenyewe anajijua.

MWISHO WA MAMBO

Mvua zilirudi mwaka 2023, bwawa likajaa mchanga wenye maji, na foleni ya punda ikapungua. Yule msichana amemaliza kidato cha nne, na ndiye aliyeniruhusu kuandika makala haya. Alikwenda mwenyewe kwa wanawake wa kikundi akawaeleza, mwaka mmoja baada ya mkutano, wakati mama alipokuwa amemwambia mara nyingi kwamba si lazima. Wengi walimkumbatia. Wawili bado hawasalimiani na mama vyema, na mama hawalazimishi.

Mpwa wangu amehitimu na sasa anaandika programu kwa malipo. Ananiambia kwamba kila anapofungua kazi ya mwandishi mwingine, kitu cha kwanza anachokitafuta ni bawabu, na swali la kwanza ni lile la bibi yake.

Nami huwaambia wazazi wenzangu wa mjini jambo moja, hasa wale tunaopeleka mashine vijijini kama zawadi. Kabla hujamwambia mzee wako aweke kalamu chini, muulize kwanza kalamu hiyo ilikuwa ikimlinda na nini. Huenda daftari lile si uzembe wa kizamani. Huenda ndilo shahidi pekee alilo nalo.

Kila mwisho wa mwezi hesabu husomwa chini ya mwembe. Jina, deni, malipo, salio. Nilihudhuria tena majuzi. Msomaji ni mama mwenyewe, kwa miwani mipya, kutoka katika daftari, huku kijana mwingine akilinganisha na mashine. Alipofika mstari wa mwisho alinyamaza kidogo, kama afanyavyo kila mara, akasoma kwa sauti ile ile aliyosomea madeni mengine:

"Shilingi elfu mbili na mia tano. Mwenyewe anajijua."

Kisha akafunga daftari, na wanawake wakaenda kuchota maji.